Mlango Ukitazama Magharibi

Mtu mmoja wa parokia yetu hapa Butembo alitujia nyumbani Jumamosi jioni, tulipokuwa tukitengeneza mafundisho ya wakatekumeni. Ni mtu wa biashara, mwenye duka la vitambaa na vyombo, amebatizwa tangu utoto, wala hakosi Misa. Alikaa kimya kitambo, akakataa chai, kisha akauliza: "Mwalimu, nikivunja ukuta wa nyumba yangu na kugeuza mlango, je, ni dhambi?"

Tulimjibu kwamba kuvunja ukuta si dhambi, ila kama ukuta ni wa jirani. Hakucheka. Ndipo tulipofahamu kwamba jambo lake ni zito, tukaweka kalamu chini.

Habari yake ni hii. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma katika parsele yake mtelemkoni, na mlango mkubwa ukatazama magharibi, maana barabara iko upande ule. Akakaa humo miaka kadha kwa amani. Mwaka wa 2019, ugonjwa wa Ebola ulipokuwa ukizunguka Butembo na Katwa, mdogo wake akaugua, akaletwa nyumba ile, na mke wa bwana huyu akamwuguza kwa mikono yake mwenyewe. Wote wawili wakafa, na mtoto mchanga akawafuata. Watu wa afya wakaja, wakanyunyiza klorini nyumba nzima, wakaenda zao. Yeye akabaki na watoto wanne na mama yake mzee. Miaka ikapita, na biashara ikalegea. Halafu rafiki yake, aendaye Guangzhou kununua mali, akamtembelea. Akasimama kizingitini, akatoa simu yenye dira ndani yake, akaitazama, akatikisa kichwa. Akasema, kule China watu wenye akili hawajengi hivi. Kila nyumba ina upande wa uhai na upande wa mauti, na mlango huu umefunguliwa upande wa mauti.

Mzee mmoja wa ukoo aliposikia akadakia: "Hayo hata sisi twayajua. Jua likifia mlangoni pako, na watu watafia humo." Basi China na kijiji vikapatana, na mtu wetu hakupata usingizi tena.

Fundi alimwomba dola 600 kwa kazi ya kuziba mlango ule na kufungua mwingine upande wa mashariki. Fedha hizo alikuwa nazo, lakini alikuwa ameziweka kwa masomo ya watoto. Tena liko neno moja alilolisema mwisho kabisa, akitazama chini. Mama yake hulala katika chumba cha upande ule wa magharibi. Nao watu wa ukoo wameanza kuulizana, kwa sauti ya chini, kwa nini mauti iliyopita mlango ule haikumgusa yeye.

Tazameni, basi. Swali lilianza kwa mlango, likaishia kwa mama mzee.

Kwanza yatupasa kusema neno la haki juu ya Wachina, maana si vema kucheka usichokifahamu. Mambo yale huitwa feng shui, na maana yake ni "upepo na maji". Yalianza zamani sana, hasa kwa kuchagua mahali pa kuzikia wafu. Kiko kitabu cha kale juu ya maziko, nacho husemwa ni cha mtu aliyeitwa Guo Pu, aliyekufa mwaka wa 324. Sasa fikirini nchi ilivyo. Kaskazini mwa China wakati wa baridi upepo mkali hutoka kaskazini, nalo jua hupita upande wa kusini. Mtu akijenga nyumba yenye kilima nyuma yake kaskazini, na mlango ukatazama kusini, na maji yakapita mbele ya shamba lake, atapata joto, atakingwa na upepo, atanywesha mimea yake. Huo si ushirikina. Ni akili ya mkulima. Hata mfalme wao mkuu alikaa kitini akitazama kusini, ikawa ndiyo heshima. Lakini siku zikapita, watu wakaisahau sababu, wakabaki na amri tupu. Wakaja wataalamu wenye dira na hesabu za kuzaliwa kwa mtu, wakaweka bei. Upepo ukageuka kuwa pepo.

Padri Matteo Ricci wa Shirika la Yesu, aliyeingia China mwaka wa 1583 na kufia Beijing mwaka wa 1610, aliwaona wataalamu hao. Katika maandiko yake, yaliyochapishwa mwaka wa 1615, anaeleza jinsi wanavyoitazama nchi kana kwamba chini ya udongo wamelala majoka yenye kichwa, mkia na miguu, na jinsi jamaa nzima waaminivyo kwamba heri yao yatoka katika kukaa vizuri juu ya joka hilo. Padri Ricci aliwapenda Wachina kuliko wageni wengi wa siku zake. Alijifunza lugha yao, akavaa mavazi yao, akasifu elimu yao. Lakini jambo hili hakulisifu.

Sasa tuichukue amri ile ya kusini tuilete kwetu. Butembo iko karibu sana na mstari wa ikweta, upande wa kaskazini kidogo. Ukienda Lubero umekwisha kuuvuka. Kwetu jua hupita utosini karibu na tarehe 21 Machi, na tena karibu na tarehe 23 Septemba. Nusu ya mwaka hulalia kaskazini, nusu nyingine hulalia kusini. Upande gani basi ndio wa jua? Wala hatuna baridi ya theluji itokayo kaskazini. Theluji yetu iko Ruwenzori, mita 5,109 juu, na mtu wa Beni asubuhi isiyo na ukungu huiona upande wa mashariki. Amri ya kusini katika mji wetu ni kama koti zito lililoshonwa kwa baridi ya Beijing, likasafirishwa katika kontena pamoja na sahani na viatu. Koti ni zuri. Lakini anayelivaa shambani Beni saa saba mchana, sisi twamhurumia.

Tena wataalamu wenyewe hawapatani. Wahindi nao wana elimu ya nyumba, ya kale kama ya Wachina, nao husema kusini ni upande wa Yama, mungu wao wa mauti, basi mtu ajihadhari asifungue mlango mkubwa huko. Mchina aheshimu kusini, Mhindi aogope kusini! Mtu akiwaita wote wawili siku moja nyumbani kwake, ataingia kwa dari.

Na huko pwani, lugha yetu hii ya Kiswahili ilikozaliwa, majina ya pande yenyewe yana hadithi yake. Kaskazini yafuata kaskazi, upepo wa miezi ya Desemba hata Machi, na kusini yafuata kusi, upepo wa miezi inayofuata. Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi ya Arabuni na kuyarudisha. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu ya kuchomoza na kuchwea kwa jua. Mwislamu wa Mombasa au Unguja akiswali hutazama kaskazini, maana Maka iko huko kwake; yule wa Moroko hutazama mashariki. Pande ni njia ya kusema mahali ulipo wewe. Ukiondoka, nazo zaondoka pamoja nawe. Nyumba iliyo magharibi kwangu ni mashariki kwa jirani yangu wa ng'ambo ya bonde. Upande wenyewe hauna mdomo wa kula mtu.

Msomaji mwenye elimu ya liturujia labda atatupinga: "Je, Kanisa nalo halitazami mashariki?" Amesema kweli. Tangu kale Wakristu walipenda kusali wakielekea jua linapotoka, kwa kukumbuka Kristu atakayekuja tena, na makanisa mengi ya zamani yalijengwa hivyo. Lakini sikilizeni jambo lililotokea Roma. Kanisa la Mtakatifu Petro lina milango yake upande wa mashariki. Karne ya tano Wakristu wengine, kabla ya kuingia, walisimama juu ya ngazi, wakageuka, wakaliinamia jua. Papa Leo Mkuu aliwakemea wazi katika mahubiri ya Noeli. Upande ule ule, kwa mmoja ni alama ya Bwana, na kwa mwingine umekuwa bwana wenyewe. Alama yaonyesha, haina nguvu mkononi mwake. Mtu akipita kibao cha njia kilichoandikwa "Beni", hakiinamii kibao, wala hakiogopi.

Mapadri Waasumptionisti, waliofika nchi yetu mwaka wa 1929, wanafuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Yafaa basi tumsikilize huyo Mwafrika wa kaskazini. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristu anawataja watu wa siku zake waliokanyaga kizingiti kila walipopita mbele ya nyumba yao, na wengine waliorudi kitandani kama mtu alipiga chafya walipokuwa wakivaa viatu. Anataja pia mtu aliyeogopa kwa sababu panya wameguguna nguo zake. Huyo, asema, ahofia balaa isiyokuja kuliko anavyohuzunikia nguo iliyoharibika. Anakumbusha jibu la Cato, mzee wa Roma, aliyeulizwa juu ya viatu vilivyoliwa na panya. Cato alijibu kwamba jambo hilo si la ajabu. La ajabu lingekuwa viatu kuwala panya.

Twacheka. Lakini tusicheke sana, maana sisi wenyewe twapaswa kuungama kidogo hapa. Miaka michache iliyopita mtoto wetu aliugua homa, na bibi mmoja jirani akatuambia dirisha la upande wa machweo lisifunguliwe. Sisi tuliosoma seminarini, tuliofundishwa Mtakatifu Tomaso kwa Kifaransa na kidogo kwa Kilatini, tulilifunga dirisha lile kwa majuma matatu. Tulipoulizwa, tulisema ni kwa sababu ya upepo. Upepo haukuwapo. Mtoto alipona kwa dawa ya malaria aliyopewa zahanati, nasi tukalifungua dirisha usiku, ili jirani asituone. Twaandika haya ili msomaji ajue kwamba hofu haiulizi mtu amesoma miaka mingapi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino asema kwamba ushirikina ni dhambi ipingayo dini kwa kupita kiasi: si kwamba mtu amempa Mungu ibada nyingi mno, ila amempa ibada asiyestahili kupewa, au amempa Mungu kwa namna isiyopasa. Na Katekisimu ya mwaka wa 1992 yatuonya kwamba ushirikina waweza kuingia hata katika mambo matakatifu, mtu akitegemea tendo la nje tu na kuiacha nia ya moyo. Neno hili latuhusu sana sisi Wakristu wa Butembo na Beni. Maana mara nyingi, siku ya kuweka msingi, mwenye nyumba hutuletea medali ya Mtakatifu Benedikto aitie katika simenti, pamoja na maji ya baraka. Je, medali hiyo si dawa ile ile ya mganga iliyovalishwa msalaba?

Hapa tulifikiri sana kabla ya kuandika. Jibu letu ni kwamba jambo ni moja machoni, lakini mbili moyoni, na njia ya kuzitenga ni kumwuliza mtu: nyumba ikianguka, utasema nini? Anayesema, "Bwana alitoa kibali tuteseke, nitasali tena," huyo alitia sala msingini. Anayesema, "Medali ile ilikuwa dhaifu, nitatafuta nyingine yenye nguvu," huyo alizika hirizi. Mtu mmoja alitaka Padri aubariki mlango wake mara nne kwa juma moja, mpaka "ukubali". Padri alibariki mara moja, kisha akamwuliza kama amekwisha kuzungumza na kaka yake aliyegombana naye juu ya mpaka wa parsele. Yule mtu hakufurahi.

Turudi kwa mgeni wetu wa Jumamosi. Tulimwuliza swali moja: "Mdogo wako alipougua, nani aliyesema aletwe kwako?" Akanyamaza muda mrefu. Akajibu: "Ni mimi, Mwalimu. Nilimbeba mgongoni kutoka kwenye pikipiki."

Hapo ndipo tulipouona mlango wenyewe.

Ebola ilitangazwa katika nchi yetu tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, ikafika Beni, Butembo, Katwa na penginepo, hata ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliopatwa ni 3,470, waliokufa 2,287. Twakumbuka wote jinsi ilivyopita: kwa jasho, kwa damu, kwa matapishi ya mgonjwa, kwa kuosha maiti. Yaani ilipita katika kazi zote ambazo mtu mwenye upendo humfanyia ndugu yake. Mwuguzaji ndiye aliyekufa. Aliyekimbia mara nyingi alipona. Mauti haikuingia nyumba ile kwa sababu mlango ulitazama magharibi. Iliingia mgongoni mwa mtu aliyempenda mdogo wake, ikapita katika mikono ya mwanamke aliyempangusa mgonjwa uso.

Mtu gani aweza kulala na neno hilo? Ndiyo sababu habari ya dira ilimpendeza, ingawa ilimtisha. Kama mlango ndio ulioua, basi si yeye aliyeua. Angelipa dola 600, angelipa hata 6,000, ili ukuta uchukue mzigo ule mgongoni mwake. Na kama ukuta ukikataa kuuchukua, maana ukuta hausemi wala haulii, mzigo huenda kwa mtu dhaifu kuliko wote aliye karibu. Katika nyumba zetu mtu huyo mara nyingi ni mwanamke mzee. Hatuhitaji kueleza zaidi. Kila msomaji wa Kivu ya Kaskazini amekwisha kumwona bibi aliyefukuzwa kwa jina la mlozi, akilala kwa wageni, na shamba lake likilimwa na waliomsingizia. Tazameni jinsi amri zinavyoanguka kama shanga uzi ukikatika: anayeutegemea upande kuliko Mungu amevunja ya kwanza, anayemtoa mama yake nje amevunja ya nne, anayemsingizia amevunja ya nane. Na yote yameanza kwa dira ya simu.

Tulimwambia, basi, jambo ambalo hakuja kuliuliza. Tulimwambia kwamba hakuua. Kumbeba ndugu mgonjwa haikuwa dhambi. Alikuwa hajui kilichomo mwilini mwake, na siku zile hata wenye elimu walikuwa wakibishana kama ugonjwa upo au haupo. Kutojua kwaweza kuleta mauti bila kuleta hatia. Bwana wetu alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, hakukubali mtu aseme kwamba walikuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakumtaja mchawi. Hakuulizia mnara ulitazama wapi. Aliwageuza waliouliza watazame nafsi zao, kila mtu yake.

Alilia, naye ni mtu mzima mwenye mvi. Sisi tulinyamaza, maana hapo hapakuwa na fundisho.

Jumatatu tulikwenda nyumbani kwake pamoja na fundi mwashi, Mkristu wa kigango kingine, mtu wa maneno machache. Twasema hivi kwa sababu wengine hufikiri kwamba imani yatuagiza tusiangalie nyumba kabisa, kana kwamba kila uangalifu ni ushirikina. Sivyo. Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22: Mwisraeli akijenga nyumba mpya aliamriwa kuzungusha ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Someni Walawi, sura ya 14: nyumba ikiota madoa ukutani, kuhani huja kuitazama, huifunga siku saba, hurudi, huagiza mawe yenye madoa yatolewe na kuta zikwanguliwe. Kuhani huyo hafanyi kama mpiga ramli. Atazama ukuta.

Nasi tulitazama ukuta. Ukuta wa magharibi ulikuwa mbovu kweli! Paa lilikuwa fupi upande ule, mabati yalikoma karibu sawa na matofali, na mvua ya mtelemkoni iliupiga ukuta miaka yote. Mfereji wa bati haukuwapo. Maji yalikuwa yakishuka mpaka msingini, na katika chumba cha mama mzee ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukutani hata kimo cha kitanda. Dirisha lake lilikuwa dogo kama kitabu cha sala. Mama yule alikuwa akikohoa tangu muda mrefu, na wajukuu waliolala naye pia. Tena choo kilichimbwa upande wa juu wa kisima kidogo cha jirani, hatua chache tu, na fundi akasema kwa sauti ya hasira kwamba choo hukaa chini ya maji, tena mbali nayo, mita 30 au zaidi. Kwa hiyo ziko pande mbaya za nyumba, wasomaji wapenzi. Juu ya kisima ni upande mbaya wa choo. Chini ya mtelemko usio na mfereji ni upande mbaya wa ukuta. Wazee wetu wa Kinande, waliojenga milimani kabla ya simenti kufika, walijua kwamba mwenye kujenga mahali pa mtelemko huuliza kwanza maji yatapita wapi. Ujuzi huo twauacha, tukashika dira.

Fundi alirefusha paa, akaweka mfereji, akakwangua ukuta, akapanua dirisha. Gharama haikufika nusu ya zile dola 600. Choo kitahamishwa wakati wa kiangazi.

Lakini lilibaki jambo la ukoo, nalo halitengenezwi kwa mwiko. Walikutana Jumapili baada ya Misa, nasi tukaalikwa. Yule mzee wa ukoo alisimama akasema tena neno lake juu ya jua linalofia mlangoni. Hatukumjibu kwa kitabu. Aliyejibu ni mama mmoja aliyepanga chumba kidogo uani, mkimbizi kutoka vijiji vya Beni, ambako mauaji ya usiku yalianza Oktoba 2014. Hakuwa wa ukoo ule, na kwa desturi hakupaswa kusema. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akasema: "Samahani, baba zangu. Nyumba yetu ilitazama mashariki. Mume wangu aliupenda mlima, alitaka auone kila asubuhi. Ilitazama mashariki vizuri kabisa." Kisha akakaa chini.

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Halafu mwenye nyumba aliinuka, akaenda kumchukua mama yake chumbani, akamketisha kiti cha mbele, kando yake mwenyewe, na mkutano ukaendelea na habari za karo za watoto.

Mlango hajaugeuza hata leo. Wala hajasema kwamba hataugeuza kamwe. Mara moja moja, akifunga usiku, tumemwona akisimama pale kidogo kuliko ipasavyo. Majuzi tulipita kumjulia hali mama mzee. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, na jua lilikuwa likiingia moja kwa moja mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Alikuwa ameketi juu ya mkeka kizingitini, amenyosha miguu juani, ungo wa maharage pembeni. Tulimwuliza kama amesikia watu wakisema tena juu ya mlango. Alichagua jiwe katika maharage, akalitupa nje.

"Mwanangu," akasema, "wakiuziba huu, nitaanikia wapi?"